Jina la baba mkubwa lilisomwa kwenye orodha ya kaya maskini, na mimi nilikuwepo nimevaa saa

Mjukuu wa Tembe (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye uzi wa mpira.

Miaka michache nyuma nilikuwa likizo nyumbani, Singida vijijini. Asubuhi ikapigwa mbiu: mkutano wa kijiji, kuhakiki majina ya walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sikuwa na shughuli, nikaongozana na baba mkubwa, tukakaa chini ya mwarobaini wa ofisi ya kijiji. Hakuniambia kuwa jina lake limo.

Kwa ambaye hajawahi kuona: linasomwa jina, mwenyewe anasimama kama yupo, kisha mkutano unaulizwa, "Mnamfahamu? Anastahili?" Watu wanaitikia "anastahiliii" kama darasa la kwanza, karatasi inaendelea. Kulikuwa na bibi mmoja haoni, kwake watu waliitikia hata jina halijaisha kusomwa. Ndipo likasomwa la baba mkubwa. Akasimama na fimbo yake, kaunda suti imefungwa vifungo vyote. Kimya. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akakohoa, akasema bila kunyanyuka: "Huyo ana vijana wanne wanaovaa viatu. Mmoja huyo hapo, kavaa na saa."

Watu walicheka. Mimi nikavuta mkono wa shati ufunike saa.

Jina likawekwa pembeni. Baba mkubwa akakaa, akawa anachorachora chini kwa fimbo. Tuliporudi nyumbani nikakaribishwa uji kama kawaida, na mpaka naondoka jambo lile hakuligusa.

Sasa mjue huyu ni nani. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyetuchukua. Mwaka niliochaguliwa kidato cha tano aliuza maksai wake wawili, akalima alizeti misimu miwili kwa jembe la mkono. Leo sisi wanne tuna mishahara. Na hela tulikuwa tunatuma, msidhani! Tulituma pale mtu alipokumbuka, na kila mmoja aliamini mwenzake ameshakumbuka.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao mjini wananiita mhafidhina. Sawa, niiteni. Mimi naona msaada una foleni yake. Mbele wapo watu wa damu, wanafuata majirani, kisha kijiji, na serikali inaingia pale ambapo hao wote hawapo au mkono umewafika mwisho. Mwaka ule ule sisi ndugu wanne tulichangia harusi ya binti wa shangazi, kadi ya dabo kila mtu, na kamati ilikaa vikao saba. Vikao saba vya kujadili ukumbi na keki! Cha kumjadili mzee aliyetulea hatujawahi kukaa hata kimoja. Halafu tunataka kodi ya muuza nyanya ikamlishe.

Na siyo kodi tu. TASAF ilianza mwaka 2000, enzi hizo tukiijua kwa madarasa na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulikuja 2012, na kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020, sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 450. Mkopo, wakuu. Utalipwa na wajukuu wa huyo muuza nyanya.

Siupingi mpango. Masharti ya mtoto kuhudhuria shule na kliniki nayaunga mkono kwa mikono miwili. Ajira za muda nazipenda zaidi: wenye nguvu wanachimba lambo au kutengeneza barabara ya kijiji hadi siku 60 kwa mwaka, awamu ya kwanza walilipwa 2,300 kwa siku. Hela ndogo, lakini mtu anaipokea mikono ina udongo. Mwalimu Nyerere kwenye andiko lake la Ujamaa la 1962 alikumbusha msemo wa wazee wetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wasiojiweza na wagonjwa wapewe bila kuulizwa. Mwenye mikono miwili mizima apewe jembe.

Na ule mkutano wa chini ya mwarobaini usifutwe. Nasikia watu wanataka kila kitu kipite kwenye dodoso na kompyuta. Kompyuta isingejua kuwa nina saa.

Nawasilisha.

Kidumu cha Alizeti

Nimekaa siti ya mbele. Mleta mada hiyo saa ilikuwa ya bei gani?

Mama Wawili

Kaka yangu, pole kwa aibu, ila usiisifie sana. Ngoja nikuambie hiyo hiyo aibu ilivyofanya kazi kijijini kwetu, Kanda ya Ziwa.

Jirani yangu mjane ana watoto watatu. Alikuwa mlengwa. Kila dirisha la malipo likifunguliwa, anatenga elfu tano anaipeleka kwenye kikundi cha akiba, iliyobaki daftari na chumvi. Alifuga kuku, akauza, akaweka. Baada ya miaka akanunua bati kumi na nane. Siku wanapaua tulipika wali, nikamsaidia kubeba maji. Haukupita muda ikaja siku ya uhakiki, linasomwa jina lake, mtu anadakia: "Nyumba ya bati hiyo! Maskini gani?" Wakaitikia haraka kuliko walivyoitikia kwa bibi yako asiyeona. Akatoka.

Nyumba ya pili yake, mume yuko kilabuni kuanzia saa nne asubuhi. Nyasi zinavuja, mke analia. Hao wakabaki kwenye orodha, maana ukiwatazama ni maskini kweli.

Sasa ninyi wahafidhina mnaopenda mtu ajitume, niambieni: yule mama kama angenunua vitenge kwa hela ile, angekuwa bado analipwa. Kosa lake lilikuwa kubana matumizi.

Mjukuu wa Tembe

Dada, hili limenikaa vibaya na sina jibu la haraka. Nililokuwa natetea ni kwamba kijiji kinajua. Kumbe kijiji kinajua bati tu, hakijui miaka ya elfu tano tano.

Labda niseme hivi. Kuna neno wanatumia, kaya "kuhitimu". Mimi naona mtu ahitimu kama mwanafunzi, kwa tarehe aliyoambiwa mapema, apewe na kitu cha kuanzia. Asifukuzwe siku aliyopaua. Wala bati lisiwe mtihani. Kwetu Singida tembe la udongo linaweza kuwa na ng'ombe arobaini nyuma yake, ndiyo maana nimejiita hivi nilivyojiita.

Mjukuu wa Tembe

@Kidumu cha Alizeti elfu kumi na tano Kariakoo. Ilikufa kabla likizo haijaisha.

Shaabani wa Chake

Nyinyi huko bara mnajitesa wenyewe. Sisi huku Zanzibar pensheni jamii ipo tangu Aprili 2016. Mtu akitimiza miaka sabini basi, anapata. Ilianza elfu ishirini kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi elfu khamsini. Hapana mkutano, hapana mtu kukuuliza una watoto wangapi wala wamevaa nini. Bibi yangu akenda kuchukua zake anajifunga buibui safi kama anakwenda maulidini.

Na mimi nnajihesabu mtu wa kushika mila kuliko huyo mleta mada. Heshima ya mtu mzima ni kutomsimamisha mbele za watu akaombewa. Uzee haudanganyi, cheti kinasoma, au wazee wenzake wanajua alizaliwa mwaka gani wa njaa gani. Majungu yatapenya wapi hapo?

Makato Kila Mwezi

Shaabani, na tajiri wa miaka 70 naye anachukua?

Shaabani wa Chake

Anachukua akitaka. Mwenye haya hendi. Na mimi bora nimpe tajiri mmoja kimakosa kuliko kumfedhehi bibi mmoja maskini.

Makato Kila Mwezi

Wewe una roho nzuri na hela si yako.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, tangu sheria ibadilishwe 2016 wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kabla sijaushika. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021, nashukuru, ila deni lenyewe nalipa na nitalimaliza. Sijalalamika, nilikopa mwenyewe.

Kinachonichefua ni mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Haina riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kitu kizuri mno kwenye karatasi. Lakini mnakumbuka Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, mpaka ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mwingine. Mtaani kwangu kuna kikundi cha vijana watano walichukua hela ya kufyatua tofali. Tofali sijaziona mpaka leo. Mmoja wao nilimfundisha Hisabati, na kugawanya anajua, hilo nawahakikishia.

Hainiumi kwamba wao wamepata na mimi sikupata. Linaloniuma ni sisi wawili kukopa serikali ile ile, mmoja anakatwa kwa sababu ana mshahara unaoonekana, mwingine anasamehewa kwa sababu kahamia Tunduma. Ukiwa na jina kwenye orodha ya mishahara nchi hii wewe ndiye unayejulikana unapoishi.

Mama Wawili

Mwalimu, na vikundi vya kina mama vinavyorejesha je? Chetu tulikuwa kumi, tulirejesha mpaka shilingi ya mwisho. Usimamishaji ule ulitukuta tumeshaandika ombi la awamu ya pili. Tukakaa zaidi ya mwaka tunasubiri kwa makosa ya watu wa tofali zako.

Makato Kila Mwezi

Mama, hapo umenipiga. Hao wa tofali wamewaibia ninyi kabla hawajaniibia mimi.

Jembe Halina Mpini

Nasoma nyuzi hizi kila siku wazee wangu, mkifika kwa vijana wote mnageuka waadilifu.

Mleta mada, huo msemo wa jembe umeusoma nusu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu MPE jembe. Anayempa ni nani? Mwenyeji. Na kama ana jembe la kumpa, basi ana na shamba la kumwonyesha. Hakusema siku ya tatu mfukuze akatafute jembe mwenyewe. Mimi nina stashahada, nimekaa kwa dada Mbagala mwaka wa nne. Asubuhi nafua nguo za watoto wake, nawapeleka shule, jioni nawasaidia kazi za shule. Siku nzima nimeinama, na bado shemeji akiwa na wageni ananitambulisha kuwa "huyu yupo tu".

Hivyo jembe ninalo. Shamba ndiyo sina. Ekari za babu kule Kilosa wajomba waligawana, wakauza.

Mzee wa Azimio

Kijana kasema kweli na ninataka kumuunga mkono kwa maandishi yale yale. Nilikuwa darasa la tano Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967. Tulitembea kwa miguu kuliunga mkono, viatu hatuna, shangwe tele. Lile andiko la 1962 nalijua. Mwalimu alilaani unyonyaji, ni kweli, akasema mvivu hakuwa na nafasi katika jamii zetu. Lakini humo humo alisema pia kwamba hakuna aliyekufa njaa, ya chakula au ya utu, kwa kukosa mali yake binafsi, kwa sababu alitegemea mali ya jumuiya aliyomo. Vitu hivyo viwili alivifunga kamba moja. Siku hizi kila mtu anakata kipande anachopenda. Wa kushoto anachukua mali ya jumuiya, wa kulia anachukua jembe, na kamba inabaki chini.

Mjukuu wa Tembe, foleni yako ya damu kwanza ni nzuri. Swali langu ni moja. Mzee ambaye watoto wake wapo, wana mishahara, na hawatumi, yeye yuko nafasi ya ngapi kwenye foleni hiyo?

Msafiri wa Kitale

Hamjambo ndugu, nachungulia kutoka Kenya. Sisi tuna Inua Jamii, shilingi elfu mbili kwa mwezi, na mwaka 2018 ilifunguliwa kwa kila aliyefikisha sabini asiye na pensheni nyingine, karibu sawa na Zanzibar. Mamangu anapokea. Pia mimi humtumia, na hajawahi kuniambia niache kwa sababu serikali inampa. Kwa hivyo hiyo hofu eti watoto watalegea, kwetu sijaiona. Pengine kwa wengine.

Ila hiyo kompyuta mnayoitaka, tafadhalini, muulizeni aliyeiona. Tangu Oktoba 2024 bima yetu ya afya ikawa ya SHA. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wa jua kali tunajibu maswali, nyumba yako imejengwa na nini na unaishi vipi, halafu mtambo unakupigia hesabu ya kulipa. Chini kabisa ni mia tatu kwa mwezi, na unalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi nauza mitumba, mwezi wa kwanza nina pesa, wa pili sina. Mtambo hauna swali la mwezi wa pili.

Kidumu cha Alizeti

Kwa hiyo bati kule ni kosa, bati huku ni kosa. Nafumua langu kesho.

Sauti ya Kata

Mnapoteza muda. Hela za TASAF ni za chama, zinatoka karibu na uchaguzi watu wapige kura. Full stop.

Mjukuu wa Tembe

Sauti ya Kata, madirisha ya malipo yapo hata miaka isiyo na uchaguzi, na mkopo wa Benki ya Dunia hauna kadi ya chama. Ila nakubali kwamba wapo viongozi wa vijiji wanaoitangaza kana kwamba imetoka mfukoni mwao. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka orodha isomwe hadharani na ibandikwe ukutani. Ikisomwa kwa sauti, mwenyekiti hana cha kunong'onea mtu.

Mzee wa Azimio, shikamoo. Swali lako nimelala nalo siku mbili. Nilitaka kujibu kuwa huyo mzee asubiri, watoto waaibishwe kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba baba mkubwa alipotolewa, sisi hatukuanza kutuma siku ile. Tulianza baada ya miezi mitano, tena kwa ugomvi kwenye simu. Miezi mitano hiyo alikula nini sijui, na kumuuliza naogopa. Aibu ilikuwa yetu, njaa ilimpata yeye.

Kwa hiyo foleni yangu naibakiza ila naongeza kitu: mzee asitolewe kwenye orodha kwa sababu ya watoto wasiotuma. Apewe, na watoto waandikiwe. Majina yetu ndiyo yasomwe chini ya mwarobaini, sote wanne, na kazi tunazofanya.

Mama Wawili

Hapo tumekutana, kaka.

Makato Kila Mwezi

Na mkishasomwa mkatwe asilimia 15, moja kwa moja kwenye mshahara. Mtaona inavyouma.

Jembe Halina Mpini

Mimi je? Mmenisahau tena.

Mzee wa Azimio

Hatujakusahau mwanangu. Kata yangu ina ekari za kijiji zilizolala. Mwaka juzi tulipendekeza wapewe vijana kwa misimu mitatu, wakizilima wabaki nazo, wakizitelekeza zirudi. Baraza la kijiji lilikubali, ila tumekwama kwenye kupima mipaka. Nitumie ujumbe sanduku la ndani. Siahidi kitu, ila mlango wa kugonga nitakuonyesha.

Shaabani wa Chake

Huyu mzee ndo mwenyeji wa kwenye msemo. Kaanza kutoa jembe.

Mjukuu wa Tembe

Narudi na mrejesho, uzi ulishazama.

Tuligawana miezi, kila mmoja ana mwezi wake wa kutuma, na akichelewa siku tatu anaandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mbele ya shemeji zake. Inafanya kazi kupita nilivyotegemea. Mdogo wetu wa Arusha alituma usiku wa manane ili asiandikwe. Tulimkatia na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati huo ilikuwa elfu thelathini kwa mwaka kaya nzima hadi watu sita, mama mkubwa na wajukuu wamo.

Nilimpigia juzi nimuulize kama hela imefika. Imefika. Nikamuuliza yuko wapi, mbona kelele nyingi. Akasema yuko ofisi ya kijiji, ni siku ya malipo.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, si jina lilitolewa?"

Akajibu, "Lilitolewa. Nimekuja kukaa na wenzangu. Wote wako huku."